Visu vya Kukunja vya Zamani na Habari Zake

Leo sitawaomba mfungue kitabu. Nawaomba mtie mkono mfukoni. Najua wako baadhi yenu, hasa wachungaji na wazee, ambao hawatoki nyumbani bila kisu cha kukunja. Kama unacho, kitoe, ukiweke mezani mbele yako kikiwa kimefungwa. Mwalimu wa darasa asishtuke, maana nimekwisha kumwandikia barua kumweleza. Asiye nacho na asogee karibu na jirani yake.

Somo letu ni historia, na historia ya leo inaingia mfukoni.

Mimi hapa ninacho kisu kilichokuwa cha babu yangu mzaa baba. Ni kizito kuliko kinavyoonekana. Mpini wake ni mweusi, wenye miraba midogo midogo ili usiteleze mkononi, na mwisho wake kuna pete ya kutilia kamba. Kina vyuma vitatu. Cha kwanza ni kengee, yaani kile chuma chenye makali. Cha pili ni cha kufungulia makopo. Cha tatu ni kama msumari mnene uliochongoka, wa kufungulia mafundo ya kamba. Juu ya chuma kimepigwa alama ya mshale mfupi mpana, na karibu yake tarakimu nne: 1943.

Babu hakujua kusoma. Alitembea na kisu hiki zaidi ya miaka 40, akikatia kamba, akichinjia kuku, akimenyea viazi, wala hakujua kilichoandikwa. Mimi nilipokuwa darasa la pili nilimsomea, tarakimu moja moja, kwa kidole. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Mjukuu wangu, mwaka huo mimi nilikuwa bado nachunga ng'ombe wa baba yangu.” Kwa maana yeye alichukuliwa jeshini mwanzo wa 1944. Basi kisu kilikuwa askari kabla yake! Labda kilikaa ghalani kikimngoja, au kilikuwa na mwenyewe mwingine. Babu alicheka sana siku ile, lakini jioni alikiomba tena akakitazama peke yake.

Ndiyo sababu nimechagua somo hili. Mtu aweza kubeba barua mfukoni maisha yake yote asijue kuwa ni barua.

Tuanze mbali. Visu hapa kwetu ni vya zamani sana. Wahunzi wa nchi za bara walijua kuyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe, mikuki, shoka na visu muda mrefu kabla ya mgeni yeyote kufika. Majembe kutoka upande wa Unyamwezi yalichukuliwa mabegani kuja kuuzwa Ugogo. Lakini kisu cha mhunzi ni kisu cha ala. Kengee huingizwa katika mpini wa mti, na kisu chote hukaa katika ala ya ngozi kiunoni. Hata leo mhunzi wa kijijini hukitengeneza hivyo, ila chuma chake sasa ni springi ya motokaa iliyovunjika, na springi hiyo ni chuma kizuri sana, msiidharau.

Kisu cha kukunja ni kitu kingine. Kitazame chako. Kengee imeshikwa na msumari mmoja tu, nayo huzunguka juu yake. Mgongoni mwa mpini kuna springi, nayo huikandamiza kengee. Ukikifungua, springi husukumwa juu kidogo, kisha hurudi mahali pake, nawe husikia “ta!” Springi hiyo lazima iwe ya pua, yaani chuma kigumu kilichochomwa motoni, kikazamishwa na kuchomwa tena kwa kipimo. Ikikazwa mno huvunjika, ikilegea hubaki imepinda. Tena kengee, springi na mabati ya ndani ya mpini lazima vilingane. Kazi hii ilifanywa katika miji michache ya Ulaya, na miwili kati yake ndiyo tutakayoitaja sana leo: Sheffield huko Uingereza, na Solingen huko Ujerumani. Watu wa Sheffield walikuwa na chama chao cha wafua visu tangu mwaka 1624.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mimi mwenyewe nilipolisoma chuoni lilinifanya niweke kitabu chini.

Katika karne ya 19 njia kubwa ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapanda Mpwapwa, ikakata nchi ya Ugogo, ikafika Tabora, ikaendelea mpaka Ujiji. Burton na Speke walipita huku mwaka 1857, na Stanley akapita 1871 akimtafuta Livingstone. Wote walilalamika juu ya mambo mawili, ukosefu wa maji na hongo. Hongo haikuwa rushwa kama tunavyolitumia neno hili sasa. Ilikuwa ushuru, mgeni akimlipa mtemi wa nchi kwa nguo, ushanga na waya, ndipo aruhusiwe kunywa maji na kupita. Mtemi Magomba wa Kanyenye alikuwa mashuhuri kwa kudai hongo, hata jina lake likaandikwa katika vitabu vya wageni. Wageni walimwita mchoyo. Nadhani kama wangekuwa wao ndio wenye visima, katika nchi kame kama yetu, wangefanya vivyo hivyo.

Mizigo mikubwa iliyokuwa ikishuka pwani ilikuwa pembe za ndovu. Mpagazi mmoja alichukua mzigo wa ratili 60 au 70, ndiyo kilo 30 hivi, kwa miguu, kwa miezi. Pamoja na misafara hiyo walipita pia watumwa, wengine wakibeba pembe hizo hizo. Pembe zilifika Unguja, na kutoka Unguja zikapelekwa Bombay, London na Marekani. Kule Connecticut, Marekani, zilikatwa kuwa vibao vyeupe vya kupigia kinanda. Na huko Sheffield zilifanywa mipini ya visu. Kampuni ya Joseph Rodgers & Sons ilikuwa na ghala mashuhuri lililojaa pembe tele, na wageni walipelekwa kulitazama kama watu wanavyokwenda leo kutazama wanyama mbugani.

Fikirini. Tembo anakufa bara. Mpagazi wa Kinyamwezi anavuka Ugogo na pembe begani. Mzee wa Kanyenye anapokea mikono ya nguo ili kumpa maji. Na baada ya miaka miwili bwana mmoja wa Uingereza anamenya tufaha kwa kisu chenye mpini mweupe unaong'aa. Pembe ikishakatwa haisemi ilikotoka. Nanyi wenyeji wa Dodoma mnajua jinsi wazee wanavyolieleza jina la mji huu, kwamba linatokana na neno la Kigogo, idodomia, maana yake imezama, kwa sababu tembo alizama topeni alipokwenda kunywa maji. Huyo angalau pembe zake hazikufika Sheffield.

Hapa lazima niseme neno la tahadhari, nalo si la mchezo. Pengine utakuta kisu cha zamani chenye mpini wa pembe ya ndovu. Utaijua kwa mistari myembamba inayopishana kama wavu ukiitazama mahali ilipokatwa. Usikiuze, wala usinunue cha mwingine. Mwaka 1989 mataifa yalikubaliana kuzuia biashara ya pembe za ndovu duniani, na katazo likaanza kazi Januari 1990. Hapa Tanzania kukutwa na nyara ya serikali bila kibali ni kosa zito la jinai. Kama kipo nyumbani tangu zamani za mababu, nenda kwa maofisa wa wanyamapori ukaulize kabla hujaulizwa.

Tuendelee. Wajerumani, ambao wazee waliwaita Wadachi, walijenga boma Mpwapwa mwaka 1889. Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kabla ya reli, bidhaa ya dukani iliyofika huku ilibebwa kichwani, nayo ilikuwa ghali. Baada ya reli, sanduku moja la bidhaa lilishuka melini asubuhi na kufika Dodoma kwa siku chache. Maduka yakafunguliwa karibu na stesheni, mengi ya Wahindi, nayo yaliuza nguo, chumvi, viberiti, sufuria, majembe ya Ulaya na visu.

Katika miaka ile ile alizaliwa yule kisu ambaye wengi wenu mnamfahamu kwa jina. Nasema “yule” kwa makusudi, maana ana jina la mnyama. Huyo ni Okapi. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, hasa kwa kuuzwa katika makoloni ya Wajerumani Afrika. Okapi mwenyewe ni mnyama wa msitu wa Ituri, mashariki ya Kongo, ndugu wa twiga, mwenye mistari miguuni kama punda milia. Wambuti wa msituni walimjua siku zote. Wataalamu wa Ulaya walimwandika katika vitabu vyao mwaka 1901 tu, na habari zake zikaenea magazetini. Mwaka mmoja baadaye jina lake liko juu ya kisu. Wafanya biashara hawalali.

Kama mezani kwenu kipo Okapi, mwenyewe akiinue wote wakione. Mpini wa mti, mrefu, uliopinda kidogo. Juu ya mti kuna nyota na mwezi vya bati vilivyotiwa ndani. Mgongoni mwa aina nyingine kuna kipete cha chuma: ukifungua, meno ya kengee hulia “tra-ta-ta,” nayo hushikwa isirudi kukukata vidole, mpaka uvute kipete. Kisu hiki kimeenea Afrika kusini yote, kimefika hata Jamaika. Mwaka 1988 kazi ya kukitengeneza ilihamia Afrika ya Kusini. Kumbukeni mwaka huo, tutauhitaji.

Kisha ikaja vita ya kwanza. Julai 1916 majeshi ya upande wa Waingereza, yaliyotoka Kondoa chini ya Jenerali van Deventer, yaliitwaa Dodoma. Bidhaa za Ujerumani zilikuwa zimekwisha katika maduka. Lakini hilo lilikuwa jambo dogo. Majeshi yote mawili yalichukua ng'ombe na nafaka za watu, na wanaume wakachukuliwa upagazi, kisha mvua zikakosa. Ndipo ikaja njaa ile ambayo Wagogo waliiita Mtunya, tangu 1917 mpaka 1920. Watu walikufa kwa maelfu. Wengine walihama, na wengine waliwaweka watoto wao kwa watu wenye chakula. Siku hizo kisu hakikuwa na kazi, maana hapakuwa na cha kukata. Kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyesikia habari za Mtunya kutoka kwa wazazi wake, mwandike maneno yake leo hii, msingoje juma lijalo.

Baada ya vita Waingereza walishika nchi, na visu vya Sheffield vikaja kwa wingi pamoja na vya Solingen, ambavyo vilirudi tena sokoni. Vita ya pili ilipoanza, watu zaidi ya 80,000 wa Tanganyika walichukuliwa jeshini. Wengine walipigana Uhabeshi mwaka 1941, wengine Madagaska 1942, na wengine, kama babu yangu, walipelekwa Burma, katika misitu yenye mvua isiyokoma, tangu 1944. Askari alipewa kisu cha aina hii ninachowaonyesha. Ule mshale mpana ni alama ya mali ya Serikali ya Uingereza. Kwa haki kilitakiwa kurudishwa. Babu alisema hakuna aliyemwuliza, naye hakukumbusha mtu.

Waliporudi walikuta habari mpya. Mwaka 1947 Waingereza walianza Kongwa ule mpango mkubwa wa kulima karanga. Vifaru vya vita vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Mibuyu iliangushwa. Udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi ukawa mgumu kama saruji, mvua ikawa haba, na karanga zikawa chache kuliko mbegu. Mwaka 1951 mpango uliachwa, nao ulikuwa umekula pauni milioni 36 hivi. Wenyeji wangeweza kuwaambia habari za mvua ya Kongwa bure. Lakini kwa miaka ile michache kulikuwa na mshahara, na kijana mwenye mshahara alikwenda dukani. Babu alifanya kazi huko miezi 8. Alinunua baiskeli. Kisu hakununua, alikuwa nacho.

Basi sasa shikeni kisu chenu, mkifungue polepole, makali yasielekee mtu. Tazameni penye shina la kengee, karibu na msumari. Mara nyingi huko ndiko kuna maandishi. Yakiwa yamefunikwa na uchafu, sugua kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Someni herufi moja moja kama tunavyofanya kila siku.

Ukiona SHEFFIELD, umefahamu mji. Ukiona SOLINGEN, umefahamu mji mwingine, na jina hilo lililindwa kwa sheria ya Ujerumani tangu 1938 ili visu vya mahali pengine visilitumie. Ukiona GERMANY peke yake, huenda ni cha kabla ya vita ya pili. Ukiona WEST GERMANY, yaani Ujerumani ya Magharibi, hapo hakuna ubishi: nchi ya jina hilo ilikuwako kati ya 1949 na 1990 tu, kwa hiyo kisu hakiwezi kuwa cha wakati wa Wadachi hata kama muuzaji akiapa. Na Okapi iliyoandikwa SOUTH AFRICA ni ya 1988 au baadaye. Mnaona kazi ya ule mwaka?

Chuma nacho husema. Chuma kisichoshika kutu kilivumbuliwa Sheffield na Harry Brearley mwaka 1913, nacho kilichukua miaka kuenea. Kwa hiyo kengee iliyogeuka nyeusi au ya kijivu kwa ndimu na nyama ni pua ya kale, na mara nyingi hushika makali vizuri kuliko ile nyeupe ing'aayo. Lakini alama hii si hakika, kwa sababu viwanda vingi viliendelea kutumia pua ya kale, Okapi ikiwa mojawapo.

Nina manung'uniko yangu hapa. Mwaka jana nilikuwa katika mnada mmoja wa ng'ombe nje ya mji wa Dodoma. Mzee mmoja alileta kisu cha zamani sana kwa fundi wa kunoa. Fundi akawasha mashine, cheche zikaruka, na kwa dakika moja kisu kikang'aa kama sahani mpya. Herufi zote zilikuwa zimekwisha. Mzee alifurahi, akalipa, akaenda zake. Fundi hakufanya kosa lolote, alifanya alichoombwa. Mimi nilisimama pale kama mtu aliyeona barua ikichomwa kabla haijasomwa, nami sikuwa nimesema neno kwa wakati. Noeni kwa kinoo na maji, kwa mkono, upande wa makali tu. Msumari ukikaza, tieni tone la mafuta ya cherehani. Kutu ondoeni kwa mafuta ya taa na kitambaa. Wala msitumie kisu kung'olea misumari. Hiki cha babu kile chuma cha kufungulia makopo kina pengo, nami najua sana ni mtoto gani alikitumia kung'olea msumari wa dirisha, maana alichapwa.

Kuna watu siku hizi wanaozunguka minadani wakinunua visu hivi kwa kuvikusanya, wengine kwa kuviuza mbali. Kuuza mali yako si kosa. Lakini soma kwanza, ndipo utaje bei. Mtu akikupa haraka kiasi ulichotaja, bila kubishana, jua ulitaja kidogo.

Juu ya kutembea nacho: kisu cha kukunja ni chombo cha kazi. Mchungaji akatia kamba shingoni mwa ndama aliyenasa, mkulima wa zabibu akatia matawi, mama afungulia gunia la mtama. Lakini Okapi imepata jina baya katika miji mingi kwa sababu ya wahuni, na sheria yetu inakataza mtu kutembea hadharani na silaha kwa namna ya kuwatia watu hofu bila sababu halali. Ukienda kilabuni, kiache nyumbani. Ukienda Bungeni kusikiliza, mahakamani, au ukisafiri kwa ndege, kiache vilevile, maana mlangoni kitachukuliwa, na kisu chenye miaka 80 hakistahili kuishia katika sanduku la vitu vilivyokamatwa.

Kazi ya juma hili ni hii. Mwenye kisu aandike katika daftari kila herufi na kila tarakimu aliyoiona, hata kama haelewi maana yake. Asiye na kisu amwendee mzee mmoja kijijini, aandike mistari 5: kisu chake alikipata wapi, mwaka gani, kwa bei gani au kwa kubadilishana na nini, na kilimfanyia kazi gani. Walimu wakusanye madaftari wanitumie. Katika kipindi kijacho nitasoma baadhi ya habari hizo, na kama yuko mwenye kisu chenye mshale na mwaka 1943, namwomba sana aandike jina la kiwanda, maana kwenye cha babu limefutika, zimebaki herufi mbili tu za mwisho. Kwaherini.